Mtungi wa Mama Katika Ukuta wa Kanisa

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, na kabla sijakueleza kilichotokea nitakutajia wote waliokuwapo, usije ukadhani ni habari ya kuokota njiani. Alikuwapo Furere Anselmi, mzungu wa misheni, mjenzi. Hakuwa padri na hakusoma misa. Kazi yake ilikuwa matofali. Alikuwapo mwalimu Mushagalusa, katekista wetu, na kitabu cha nyimbo kwapani. Fundi Cirhuza alikuwa juu ya jukwaa la miti, miguu ikining'inia. Koko Kahinda, bibi mzee wa Watwa, mfinyanzi, alisimama nje ya mlango mkubwa uliokuwa bado hauna mbao, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie. Ndani nilikuwapo mimi, Nabintu, na wadogo zangu Bisimwa na Nsimire. Ni hao tu. Lakini ungemuuliza Nsimire, ambaye alikuwa bado ana meno ya utoto, angekuambia kwamba mama pia alikuwapo.

Na mama alikuwa amekufa tangu mavuno ya maharagwe yaliyopita.

Nianze na kanisa lenyewe, maana ninyi mnalikuta limesimama, mnadhani liliota kama uyoga. Mlima wetu uko kati ya Nyantende na Mumosho, mahali ambapo asubuhi unasikia mto Ruzizi lakini huuoni. Kanisa la kwanza lilikuwa la matete na nyasi. Wazee walilijenga kama walivyojenga nyumba zao, na mvua ikalifanya kama inavyofanya nyumba zao: likainama upande, mfano wa ng'ombe anayetaka kulala, na Wakristo wakaendelea kusali ndani huku wakilitegemeza kwa miti. Lilianguka siku isiyo na misa. Mapadri wakasema Mungu ametuonya kwa upole, basi tujenge la matofali.

Udongo ulitoka bondeni, kwenye kinamasi cha mafunjo, palepale ambapo Watwa walichimba udongo wa kufinyangia. Kumbuka jambo hilo: kuta za kanisa lile na vyungu vya jikoni kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Wanawake walibeba udongo kichwani, wanaume wakafyatua matofali, mikaratusi ya misheni ikawa kuni za tanuru, na moshi ulikaa juu ya migomba kama wingu lisilojua njia ya kwao. Ukuta ulikuwa mnene, urefu wa mkono wangu toka begani hadi vidoleni. Kwa nje waliuegemeza kwa nguzo nene za matofali, utadhani ni watu wanasukuma lori lililokwama matopeni.

Madirisha ndiyo yalitutisha. Fundi Cirhuza alikata mbao kwa umbo la nusu mwezi, akapanga matofali juu yake, akangoja chokaa ishike, kisha akachomoa mbao kutoka chini. Siku ya kwanza alipochomoa, sote tulikimbia. Yeye akaingia chini ya lile tao, akakaa, akatoa kiazi kitamu mfukoni akakila, huku akituuliza kwa mdomo uliojaa kama bado tunakimbia.

Kasoro ilionekana paa la mabati lilipopanda. Neno lililosemwa mbele lilizunguka, likagonga ukuta wa nyuma, likarudi na wenzake. Mwalimu Mushagalusa alifundisha, "Mungu ni mmoja," na sisi wa nyuma tukapokea mmoja, mmoja, mmoja, mmoja, mpaka mzee mmoja akasema, "Mwalimu, ukiendelea hivi utatubatiza kwa miungu mingi."

Furere Anselmi alifikiri sana. Kisha akasema kwamba kwao, katika makanisa ya zamani, wajenzi waliweka mitungi ndani ya kuta, midomo ikitazama ndani, ili ipokee sauti na kuituliza. Kulikuwa na matundu ukutani yaliyoachwa na miti ya jukwaa. Aliamua kuyapanua matundu hayo na kuweka mtungi mmoja kila tundu, halafu kujengea pembeni kwa chokaa. Akaomba kila nyumba ya Kikristo ilete mtungi mmoja wa zamani, usio na ufa, uliokauka vizuri kwa miaka ya kazi.

Watu walinong'ona. Walisema mzungu anataka kufungia pumzi za watu ukutani. Lakini walileta.

Sasa nieleze nyumba yetu. Papa, baba yetu, alifukiwa na changarawe katika mashimo ya dhahabu ya Luhwindja, wala hatukuletewa mwili. Mama akakohoa majira mawili ya mvua, naye akaondoka. Mimi nilikuwa mkubwa. Nilikuwa nimefika mwaka wa tatu wa shule. Nikafunga daftari nikashika jembe. Papa mdogo, ndugu wa baba, alitaka kutugawa: Bisimwa aende kuchunga ng'ombe zake, Nsimire apelekwe kwa shangazi, mimi niolewe mapema. Nikakataa. Nikasema pale pana nyumba, na nyumba haigawanywi kama nyama. Akanitazama, akasema, "Sawa. Lakini mutoto mumoja akigonjwa, nitabatoa bote." Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Mtu anaweza kukuumiza kwa huruma.

Kwa hiyo Furere alipoomba mtungi kwa kila nyumba, mimi niliona mlango wa kupitia. Nyumba iliyotoa mtungi ni nyumba. Tulikuwa na mtungi mmoja tu, ule wa maji wa mama, mweusi, shingo nyembamba, tumbo kubwa. Nikaubeba kichwani nikaupeleka, na kuanzia hapo tukachota maji kwa kibuyu kilichovuja.

Lakini lipo jambo moja. Kwenye mlima wetu, mwanamke akifa, siku ya mwisho ya matanga mtungi wake wa maji huwekwa kizingitini mbele ya watoto wake, hupinduliwa mdomo chini, kisha huvunjwa migombani. Mimi sikuupindua. Nilisema moyoni kwamba hatuna mwingine, tutanywea nini? Hiyo ni sababu, lakini haikuwa yote. Kuupindua mbele ya Nsimire kungekuwa kumwambia kwamba mama amekufa, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba mama amekwenda Luhwindja kumchukua papa.

Basi siku ile ya ukungu mitungi yote ilikuwa imekwisha kujengewa. Furere alisimama mahali pa altare akaimba sauti moja ndefu, bila maneno. Mwanangu, kanisa lilinyamaza kwa namna ya mtu anayesikiliza. Sauti haikurudi na wenzake tena; ilikaa, ikajaa, ikatulia kama maziwa katika kibuyu. Mwalimu Mushagalusa akapiga ishara ya msalaba. Furere akafunga mdomo.

Mtungi mmoja haukunyamaza.

Ulikuwa upande wa wanawake, chini ya dirisha la karibu na mlango. Ulitoa sauti ya chini, ya mdomo uliofungwa, kama mama alivyokuwa akifanya akisaga mtama, wimbo usio na mwanzo. Nsimire aliachia mkono wangu.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi dada yake, "mama amerudi."

"We mutoto," fundi akasema toka juu, "ile ni upepo. Mulango haiko na mbao."

Bisimwa akacheka kicheko cha mtoto anayeogopa. "Mama amekuwa tofali?"

Kutoka nje ya mlango Koko Kahinda alisema neno moja tu: "Ile mutungi, nani aliibeba?" Wote wakatazama ukuta. Mimi nikatazama sakafu.

Tangu siku ile Nsimire alihamia ukutani. Asubuhi niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Alipanga vipande vya matofali, akapanda, akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, macho wazi, bila kupepesa. Mafundi walianza kumzunguka kama watu wanavyozunguka kaburi. Alikataa kula nyumbani. Fungu lake la kiazi alilibeba hadi kanisani akalitia ndani ya mtungi, akasema mama ametoka safari ana njaa.

Na kila asubuhi mtungi ulikuwa mtupu. Nilijua ni panya. Nilitandaza majivu chini ya ukuta, kama tunavyofanya ghalani, nipate kuona nyayo. Majivu yalikaa kama nilivyoyatandaza. Wala sikuona mavi ya ndege dirishani.

Kisha ukuta ukaanza kutoa jasho. Unajua mtungi wa maji unavyotoa jasho kwa nje, hata maji ndani yakawa baridi? Chini ya ule mtungi chokaa ililowa, doa jeusi lenye umbo la ulimi. Mvua haikuwa imenyesha. Furere alikwangua, akapaka upya. Doa likarudi. Akakwangua tena, akaacha.

Siku moja nilikwenda kumtoa Nsimire kwa nguvu. Nikamshika kiunoni, na kabla ya kumshusha niliweka sikio langu, ili nimwonyeshe kwamba ndani hamna kitu. Kulikuwa na baridi. Halafu nilisikia maji yakimiminwa kutoka kwenye kibuyu, taratibu, mtu anayeangalia yasimwagike. Halafu nikasikia jina langu, si lile la ubatizo wala lile la ukoo, ila nusu ya jina, aliyoniita mama peke yake nilipokuwa mdogo wa mgongoni. Silitaji hapa.

Sikumshusha Nsimire siku ile. Nilisimama pamoja naye.

Kesho yake nikarudi, nikijiambia ninamfuata mdogo wangu. Kesho kutwa nikarudi bila kujiambia chochote. Shamba likaota majani. Moto wa nyumbani ukazimika, na Bisimwa akaenda kuomba kaa kwa majirani. Jioni moja alitufuata mpaka mlangoni mwa kanisa. Hakuingia. Alituangalia sisi wawili tulivyoegemea ukuta, akasema:

"Nyiye bote munaenda kwa ukuta. Miye nitaenda kwa nani?"

Neno lile lilinichoma, lakini halikunitoa pale. Ndivyo uzito wa jambo ulivyokuwa.

Aliyenitoa ni papa mdogo. Alikuja, akamwinua Nsimire mkono kwa vidole viwili, akautazama ulivyokonda. "Huyu ni mutoto ao ni kuni?" akauliza. "Dimanshi kisha misa nakuya kubakamata. Bote. Usinililie."

Hapo ndipo nilipoona mahali nilipofika. Nyumba niliyoitetea kwa mtungi ule ilikuwa inavunjwa na mtungi uleule, na mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, mtungi ukimalizia alichokuwa nacho.

Nikamwendea mwalimu Mushagalusa. Alinyunyiza maji ya baraka, akasali vizuri, akanionya nisimtaje mama pamoja na mizimu. Doa halikukauka. Nikamwendea Furere Anselmi. Hakunicheka. Alinichukua ukutani, akaimba toka chini akipanda polepole, mpaka alipofika mahali pamoja na mtungi ukamwitikia.

"Nabintu, ndani iko hewa tu," akasema kwa Kiswahili chake cha misheni. "Kila mutungi iko na sauti yake moja. Tumbo kubwa, sauti chini. Tumbo kidogo, sauti juu. Upepo inapita mulango, hii inaimba."

Nilimwelewa, na nilimwamini. Mpaka leo nakubali kwamba alisema kweli. Lakini kuelewa mtungi hakukumfanya Nsimire ale. Nikamwomba autoe. Akanionyesha tao la dirisha lililolalia palepale juu, akapiga chokaa kwa nyundo, ikalia kama jiwe. Ukuta ulikuwa umekwisha kuukumbatia. Kuutoa ni kulitoa dirisha, na kulitoa dirisha ni kuuomba ukuta ushuke.

"Basi nifanye nini, Furere?"

Aliangalia mikono yake. "Sijue," akasema. Mpaka leo namheshimu kwa neno lile.

Nilishuka bondeni kwa Koko Kahinda. Unapaswa kujua jinsi tulivyokaa na Watwa siku zile. Tulipika kwa vyungu vyao, tukanywa kwa mitungi yao, lakini hatukunywa nao kwa kibuyu kimoja wala hatukula nao sahani moja. Nilimkuta akikanda udongo kwa kisigino, ameshika mti kwa mkono mmoja, na hakuacha kukanda.

"Koko, mtungi wako unamtesa mdogo wangu."

"Mutungi yangu? Ndiyo, nilitengeneza. Nilipatia mama yako mwaka wewe ulizaliwa. Miye natengenezaka mudomo. Kufunga mudomo si kazi yangu."

"Hatukuwa na mwingine wa kunywea."

"Sikuulize hesabu ya mitungi. Ule mutoto, ulimwambia mama yake iko wapi?"

Kisigino chake kilipanda na kushuka, udongo ukatoa sauti ya kunyonya.

"Luhwindja," nikasema.

"Haa! Basi unashangala nini akimungoja? Mutu wa safari anarudiaka." Hapo akaacha kukanda. "Na wewe? Wewe ulifunga mama macho na vidole vyako. Unaenda pale kutafuta nini?"

"Nilitaka kumlinda mtoto, Koko."

"Ulijilinda weye. Hujalia bado, ninaona kwa shingo yako, imekaza kama ya mbuzi ya kuuza. Unachunga bale batoto kama polisi anachunga stoo. Mulango umefunga sawasawa, na ndani njaa." Akatema mate pembeni. "Bafu, bale balikufa, habana kazi na sisi, binti yangu. Bana njia yao. Njo sisi tunabakamata nguo, kisha tunasema banatusumbua."

Nilipiga magoti palepale kwenye tope. Sikumbuki nililia muda gani. Nakumbuka kwamba hakunigusa wala hakuniambia nyamaza. Nilipokwisha, alikata bonge la udongo uliokandwa, akalifunga katika jani la mgomba, akaniwekea kichwani.

"Ufunge mudomo yake. Lakini mbele ya mutoto, na maneno ya kweli kwanza. Ukifunga bila maneno, itafunguka."

Ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, mchana, mafundi wamekwisha kwenda kupumzika. Nilimchukua Bisimwa kwa mkono huu na udongo kwa mkono huu. Furere alikuwa ndani akipima sakafu. Alituona akasimama kando. Nsimire alikuwa juu ya matofali yake. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani, kwa sababu mlango bado haukuwa na mbao, na mtungi uliimba bila kupumua.

Nikamwambia, "Nsimire, mama hakwenda Luhwindja. Mama alikufa. Papa pia alikufa. Mimi nilikudanganya."

Sauti ya mtungi haikubadilika. Nsimire alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta sura yangu katika sura yangu.

"Alikufa miye niko wapi?"

"Ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Aliomba akuone. Niligeuka ili akuone uso. Akasema usiamshwe."

Bisimwa alianza kulia kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hata yeye, mwanangu. Alijua tu, kama watoto wanavyojua, kwa kuokotaokota. Nsimire hakulia. Aligeukia ukuta, akatia mdomo wake ndani ya mdomo wa mtungi na kusema kitu. Hatukusikia. Sijawahi kumuuliza, wala wewe usimuulize ukimkuta. Sasa ni bibi mwenye wajukuu huko Bukavu.

Kisha akanyoosha mkono nimpe udongo.

Tuliziba sote watatu. Bisimwa alikata mabonge, mimi nilimwinua Nsimire, yeye akabandika kwa viganja, akisawazisha kama alivyomwona mama akisawazisha jiko. Kadiri tundu lilivyopungua, ndivyo sauti ilivyopanda, ikawa nyembamba, ikawa kama sauti ya msichana, kisha ya mtoto mchanga. Lilipobaki tundu la kidole, pumzi ilitoka ikanipiga kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa ya baridi, yenye harufu ya maji yaliyolala ndani ya mtungi. Nsimire akabandika bonge la mwisho. Kanisa lote likanyamaza, na katika ule ukimya nilisikia mitungi mingine ikituliza kilio cha Bisimwa.

Furere Anselmi alikuwa amevua kofia.

Dimanshi, yaani Jumapili, papa mdogo alikuja kama alivyoahidi, na kamba ya kufungia mizigo. Alimkuta Nsimire amekaa kizingitini na sahani ya bugali mapajani, analia na anakula, analia na anakula, kamasi na mboga pamoja. Akasimama. Akaviringa kamba yake. "Huyu atapona," akasema, akaomba naye apewe bugali. Nyumba yetu haikugawanywa.

Doa ukutani lilikauka kabla ya kiangazi. Kanisa lilibarikiwa, mbao za mlango zikawekwa, nyimbo zikaimbwa vizuri kiasi cha watu kutoka Mumosho kuja kusikiliza. Ila upande wa wanawake, chini ya dirisha lile, kuna nafasi ya mtu mmoja ambapo wimbo haufiki. Ukisimama pale unaona midomo ya watu inacheza. Wageni wasiojua habari husogea bila kuambiwa. Mimi ndipo ninapopiga magoti.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa kuwa sikukuita hapa nikutishe. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi nakuongezea: usimfiche mtoto kilio. Ukimwambia mama amesafiri, utakuwa umemfungulia mlango usioweza kuufunga, na atakaa kwenye mlango huo mpaka akonde. Mwambie kweli kwa maneno mafupi, mchana, ukiwa umemshika. Na ukiwa wewe ndiye mkubwa uliyebaki, usidhani ukubwa ni kukaza shingo. Lia kwanza, kisha pika. Ya marehemu yamalize yote kama desturi inavyotaka, hata kama una mtungi mmoja tu. Afadhali kunywea kiganja kuliko kumzuia mtu aliyekwisha kuaga. Na ukijenga, iwe kanisa au nyumba, uliza kwanza kila unachotia ukutani kimetoka mikononi mwa nani, na kama kilimaliza kazi yake.

Mungu akupe wadogo wakupendao, akupe na machozi kwa wakati wake. Nyumba yako isikose moto. Watoto wako wajue mlipowazika wazee, na wapite pale bila hofu. Ubarikiwe utokapo, ubarikiwe uingiapo.

Nimebakiza neno moja, nalo si la kukufundisha, ni la kukuachia. Baada ya kuziba, Koko Kahinda alipanda mlimani na mtungi mpya alioutoa motoni kwa ajili yetu, maana alijua tunachota kwa kibuyu kinachovuja. Nilimuuliza nimpe nini. Akacheka, akafunika mdomo kwa mkono. Akasema hataki chochote, ila maharagwe yakiiva apikiwe katika nyumba yetu, akae ndani, ale na sisi sahani moja. Hakuwahi kukaa ndani ya nyumba ya mtu wa mlima wetu. Nikamwambia, ndiyo, Koko, maharagwe yakiiva.

Maharagwe yalikuwa bado ni maua wakati shamba la kinini, miti ya dawa ya malaria, la mzungu mmoja liliposhuka hadi kinamasini. Watwa waliambiwa wahame. Nilipofika bondeni nilikuta mti aliokuwa akiushika wakati wa kukanda, na alama za visigino kwenye udongo mkavu. Niliuliza Mumosho, niliuliza mpaka ng'ambo ya Ruzizi. Hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Wengi hawakuona kwa nini niulize. Yeye bila shaka amekwisha kufa. Lakini alikuwa na watoto, na watoto wake wana watoto.

Dawa ya deni ni kulipa. Mimi nimezeeka na sijalipa. Kila mavuno ya maharagwe ya kwanza napakua sahani moja zaidi, naiweka mahali pa mgeni, mpaka inapoa. Ukisikia popote mtu anatajwa kuwa wa Kahinda mfinyanzi, usimtumie salamu zangu. Mlete ndani, akae, mle.